Koti la Mama Mkwe na Mchawi wa Kwenye Simu

Admin, jina langu lifiche. La kanisa ningependa uliandike kwa herufi kubwa, ila nalo lifiche, maana nina watoto. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kwetu Kigoma, nimeolewa na Mkongo wa Bukavu na tunaishi Yeoville, Johannesburg. Ni fundi cherehani. Sare zote za kwaya yetu nimezishona mimi, kwa hiyo watu wale nawajua mpaka vipimo vya viuno, na kwa heshima zote, kilicho kidogo kwao ni akili.

Mwaka jana vita ilimkimbiza mama mkwe, akaja kwetu na mfuko mmoja. Baridi ya Juni ikamkuta na kitenge. Nikaenda kwenye mitumba nikamnunulia koti zito la manyoya ya kahawia. Mume wangu sikumwambia, kwa sababu yeye huuliza kila kitu kimetoka wapi isipokuwa mahubiri. Mama alilipenda koti lile mpaka akawa analala nalo.

Sasa huyu Pasta wetu. Zamani alikuwa anakemea majini ya baharini kama wenzake, yakaisha ladha. Akakuta video kwenye simu kuhusu Wanavajo, wenyeji wa jangwa la Marekani, wanaoamini kuna wachawi wanaovaa ngozi ya mbwa mwitu na kugeuka mnyama. Pasta anawaita maskinwoka. Jumapili tatu mfululizo tulihubiriwa hao. Mtu ametoka Uvira, mbwa mwitu hajamwona hata wa kuchorwa, anatoa jasho akikemea pepo la Arizona, na watu wazima wanaanguka chini! Mimi nilikuwa nacheka nyuma ya leso.

Kicheko kilinikauka Jumanne moja. Asubuhi mama alitoka uani kuanika nguo, akawa ameinama anaokota vibanio, koti mwilini. Dada mmoja wa kwaya anayekaa ghorofa ya juu akachungulia dirishani. Kufika saa nne, kanisa zima lilikuwa na habari kwamba kwetu kuna bibi anatembea kwa miguu minne.

Jioni Pasta akaja na wazee wawili wa kanisa. Mume wangu akawapa viti, mama yake akamwacha amesimama. Ni yeye, mtoto wa kumzaa, aliyemuuliza, "Mama, hii ngozi uliitoaka wapi? Nani alikupatiaka?"

Mama akanitazama mara moja tu. Kisha akasema, "Hakuna mutu. Nilijinunuliaka miye mwenyewe."

Na mimi nikanyamaza, sinia la chai mkononi. Niliogopa jina la uchawi lisije likahamia kwangu, mgeni kwenye ukoo wao. Mtu wa Kigoma hahitaji ushahidi mwingi kushukiwa, hilo mnalijua.

Hukumu ikatoka hapo hapo. Mama akapelekwa kwa binamu yake Hillbrow, ghorofa ya tisa, lifti mbovu na magoti yake mabovu zaidi. Wajukuu haruhusiwi kuwaona. Jumapili hii anatakiwa akiri mbele ya kanisa kwamba ni skinwoka, na koti lichomwe. Asipokiri, mume wangu amesema atampandisha basi arudi Bukavu, kwenye nyumba iliyokwisha kuteketea. Mtoto wa kumzaa anasema hivyo, tena akitafuna chapati.

Nimesoma habari za hao Wanavajo. Wengi wao hawapendi hata kulitaja jambo hilo mbele ya wageni, kwao ni zito na lina miiko yake. Sisi tumeliokota kwenye simu tukalifanya sinema ya Jumapili. Nawadharau wote, Pasta, wazee wake na yule dada wa dirishani. Lakini Wanavajo wananyamaza kwa heshima. Mimi nilinyamaza kwa uoga, na kwenye dharau yangu mimi ndiye namba moja.

Juzi nilimpelekea mama uji. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Uko na batoto badogo, mwanangu. Miye nimeshazeeka." Akanywa kidogo, kisha akaniuliza, "Nikisema niko mulozi, batanirudishia bajukuu?" Nililia kwenye ngazi za ghorofa zote tisa.

Koti liko kwangu. Nimeagizwa nilipeleke mimi, maana hao mashujaa wa maombi wanaogopa kuligusa. Nilipolirekebisha bitana nilitoa lebo iliyokuwa inamkwaruza mama shingoni, bado iko kwenye kopo la vifungo. Imeandikwa polyester, polyester tupu! Mnyama mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Nikamwonyesha mume wangu. Akaisoma, akanirudishia. "Eish, Mama Watoto, shetani anabadilishaka hata lebo." Huyo ndiye kichwa cha nyumba yangu.

Jana nililivaa mbele ya kioo. Limenienea. Nataka Jumapili niingie nalo, vifungo vyote nimefunga, nipite katikati mpaka mbele niwaambie kwamba nililinunua mimi, na kama aliyelinunua ni mchawi, basi waanze kuvua sare, maana wote wamevaa kazi ya mikono yangu.

Tatizo ni kwamba vibali vyangu na vya watoto viko kwenye faili la mume wangu. Akinifukuza, sina karatasi ya kuonyesha polisi hata nikienda duka la jirani kununua mkate.

Zimebaki siku tatu, ndugu zangu. Matusi nitayapokea, nayastahili, ila na ushauri mnipe. Nilivae, au nimwache bibi wa watu akatubie koti nililomvisha mimi?