Mwoka mikate anayejenga mashua na baba yake

Jumamosi, jua limeshapanda, na mwoka mikate ametoka zamu bila kupitia kitandani. Unga bado umemganda kwenye nyusi. Anavaa kandambili, anasukuma mlango wa banda la bati nyuma ya nyumba ya baba yake, na kuitazama mashua iliyoletwa mwezi uliopita. Imelala juu ya magogo, imeoza upande mmoja, ubavuni ina tundu la kupitisha mbuzi.

Anapapasa ubao kwa kiganja. "Ubao ni kama donge la unga," anasema. "Ukiuharakisha, utakuaibisha mbele za watu."

Kwa miaka kumi na saba kazi yake imekuwa mbele ya tanuri la kampuni ya mikate. Mshahara, anasema, huishia kwenye kodi na ada. Jumamosi ni ya mashua. Hakuna anayemlipa, wala hajawahi kuuza hata moja. Mbao huziokota kwenye nyumba zinazobomolewa.

"Wenzetu Jumamosi wanatazama mpira," anasema. "Sisi tulizaliwa tukaikuta mashua bandani."

Aliyeanzisha wazimu huo, kama majirani wanavyouita, ni baba yake, mpiga chapa mstaafu. Alikuwa akiokota mashua mbovu zilizotupwa kando ya mto, anaziburuta nyumbani na kuzifufua pamoja na mkewe na binti yao, huyu mwoka mikate. Mke alifariki, kazi ikaendelea. Mashua ya tano walikuwa wameifikisha nusu pale kiharusi kilipomwangusha mzee na kuuacha mkono wake wa kulia ukining'inia.

Tangu siku hiyo akawa hakanyagi bandani. "Alikuwa anakaa sebuleni, dirisha la upande huu kalifunga," binti anakumbuka. "Ukimtajia mashua, anakuuliza bei ya sukari."

Binti aliendelea na mumewe, fundi wa friji ambaye mtaa mzima unamwita Bonge. Msumari wa shaba unataka watu wawili: mmoja nje anagonga, mwingine ndani amekandamiza kipande cha chuma ili ncha ijikunje na kubana. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakafika mbele kabisa, mashua inapokuwa nyembamba. Bonge aliingia kichwa na mabega. Kilichobaki kikakataa.

"Nilikwama," Bonge anakiri bila aibu. "Mke wangu alinitoa kwa mafuta ya kupikia."

Ndipo mwoka mikate alipomwendea baba yake, ambaye maradhi yalikuwa yamemkondesha, akamwomba aingie yeye.

"Mimi nishikilie chuma?" mzee alimjibu. "Katika nyumba hii mpigaji ni mimi."

Binti alirudi bandani. "Baba ukimbembeleza ndiyo umemkosa," anaeleza.

Alijaribu kukitegemeza chuma kwa gogo na kabari. Misumari ikapinda, akaing'oa, akaanza upya, ikapinda tena. Jumamosi moja mlango wa banda ulifunguka. Mzee alikuwa amesimama pale na fulana yake ya kazi, ameshika ukuta.

"Mnanitesa masikio," alisema. "Msumari usio na mtu nyuma yake unalia. Nausikia hata nikifunga dirisha."

Bonge alimshika kiunoni, akampandisha taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mzee akajipenyeza hadi mbele, chuma mkononi, mkono wa kushoto.

"Haya, mama, piga."

Binti aliinua nyundo ikamshinda kuishusha. "Ubao ule ni mwembamba," anasema. "Upande wa pili yuko baba yangu na mkono wake uliobaki. Niliogopa."

Sauti ikatoka ndani ya mashua: "Umelala? Piga."

Akapiga.

Waliposhusha mashua mtoni, iliingiza maji mpaka ikazama nusu. Jirani mmoja aliuliza kama wametengeneza mashua au beseni. Mzee aliagiza kiti, akaketi ukingoni. Mbao zilizokaa kavu, alisema, hunywa maji kwanza, zikishiba huvimba na kubanana. Siku ya tatu walikomba maji, na hayakurudi, ila tone hapa na pale. Walipovuka mto, mzee alikaa nyuma, macho kwenye maji.

"Nikamuuliza, baba, umechoka?" binti anasimulia. "Akaniambia, nyamaza uvute kasia."

Hii iliyo juu ya magogo ni ya sita, na ameichagua mzee mwenyewe. Kutoka nyuma ya banda inasikika nyundo. Kila asubuhi mzee hukaa kwenye kigoda akigongomea misumari kwenye gogo kwa mkono wa kushoto. Anapiga, anakosa, anatukana kidogo, anapiga tena. Bonge alijitolea kumshikia misumari siku ya kwanza. Siku ya pili alikumbuka ana friji za watu.

"Daktari alisema mkono wa kulia haurudi," anasema mwoka mikate. "Wa kushoto hakuutaja. Baba ameniambia hii atapiga yeye, mimi niingie ndani na chuma."

Je, ataingia?

"Nitaingia." Anasukuma kwa mguu boksi lililo chini ya benchi ya kazi, zito kiasi kwamba halisogei. "Misumari nimeshanunua mara mbili ya tunayohitaji. Ya kuingia, na ya kupinda."