Karatasi yangu imekosa ukuta

Leo nimepiga risasi tano, zote katikati ya shabaha. Na hakuna mtu wa kufurahi na mimi.

Bon, muniache nieleze.

Jumamosi naendaga na wazee wa kazini kwenye kilabu chao cha bunduki, nje ya Buffalo, mji tuliokimbilia. Wanakusanya bunduki za zamani, wanazipangusa kama vyombo vya harusi. Mimi naazima ya Mzee Walter.

Leo nikawapita wote!

Makofi. Halafu Walter akanishika bega, akauliza polepole: "Kule kwenu ulikuwa askari?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa nachunga ng'ombe. Kulenga umenifundisha wewe, hapa hapa."

Akaitika kwa kichwa tu, kama mtu anayefariji mfiwa. Hakuamini. Hata mmoja hakuamini.

Donc nikaleta karatasi yangu ya shabaha nyumbani, niibandike ukutani. Mama akanizuia mlangoni: "Tulikimbia bunduki, na wewe unazifuata na gari? Hiyo karatasi haiingii humu."

Sasa niko ndani ya gari, hapa barabara ya Bailey. Karatasi iko kwenye kiti cha pembeni. Nimeifunga mkanda.

Jamani, mtu aniandikie tu "hongera". Asiniulize kitu.