Boti haiondoki mpaka Veneranda aridhike

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Mwanga, jirani na Ujiji. Veneranda amepanga chupa sita za soda chini ya pampu ya dizeli na anaizungusha kwa mkono. Mafuta yanadondoka. Chupa ya nne inabaki nyuma. Anasonya, anazimwaga zote, anaanza upya kwa mara ya tisa.

Kila mrija ukitoa mafuta sawa na mwenzake, injini hutulia. Mashine ya kuipimia pampu iko Dar es Salaam, na bei yake ni kama ya lori zima. Mama huyu wa miaka 41, aliyejifunza ufundi katika karakana ya bandarini, anategemea chupa na macho yake.

Injini yenyewe ilitolewa kwenye lori bovu. Sasa itasukuma boti ya Mwinshehe wa Ujiji, anayevusha wakimbizi kutoka Zaire tangu vita vipambe moto. Mwinshehe hatulii. Kila nusu saa yuko mlangoni, akisema ng'ambo watu wamejaa ufukweni, wanalala mchangani na watoto.

Haraka hiyo imeshamponza Veneranda. Mwezi uliopita aliruhusu injini nyingine baada ya kuipima nchi kavu, bila mzigo. Ilinguruma vizuri hadi akajisifu. Katikati ya ziwa, na watu hamsini ndani, ikazimika. Walielea siku mbili. Kichanga kimoja hakikufika.

"Injini haikunidanganya," anasema akitazama pembeni. "Mimi ndiye niliyeipima kivivu."

Tangu hapo ana mtihani wake. Mwaloni, ufukweni Ujiji boti zinapotia nanga, boti inajazwa viroba vya mchanga na kufungwa kamba kwenye nguzo, kisha injini inakimbizwa kwa nguvu zote saa tatu, bila kwenda popote. Lita thelathini zinateketea. Mwinshehe analalamika kwamba lita hizo zingevusha watu, na dizeli mjini inatafutwa kwa tochi.

Veneranda anajua kuna wanaoisubiri boti hiyo, na roho inamuuma.

Alasiri, pampu imefungwa mahali pake na kamba imekaza. Saa ya kwanza inapita, ya pili nayo. Kisha moshi mweusi, injini inakohoa, kimya.

Mwinshehe amesimama kwenye maji ya magoti. Anauliza watapima tena lini.

"Kesho, pampu ikikubali," Veneranda anajibu, tayari analegeza nati. Safari ya kwanza atapanda mwenyewe, akae kando ya injini, kwenda na kurudi.

"Ikizimika tena," anasema, "inikute humo ndani."