Ruka Nafasi Moja

Ripoti ya ukaguzi niliiandika asubuhi kabla ya chai, na darasa lenyewe nikalitembelea saa nne. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema anasimuliwa na mtu wa namna gani.

Nilifundisha hesabu shule ya msingi hapa Bugarama mpaka nilipostaafu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mafunzo mafupi ya ualimu na sauti kubwa, na hiyo sauti ndiyo iliyofanya kazi kuliko vyote. Siku hizi nina migomba, kahawa kidogo na redio.

Mwaka jana shule ilipata mwalimu mpya wa hesabu, binti aliyetoka chuo kikuu moja kwa moja. Hakuwaimbisha watoto jedwali la kuzidisha. Aliwatoa nje na kamba wakapime uwanja wa mpira. Halafu, jambo lililotushangaza zaidi, aliwaruhusu waeleze hesabu kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwanza, Kiswahili kifuate. Wazazi wakanung'unika kwamba watoto wao wanakwenda shule kucheza na kamba. Mwalimu mkuu, mtu asiyependa kelele, akaiambia kamati ya shule: "Mzee wetu alifundisha hesabu humu humu. Akae darasani siku moja. Akisema haifai, tunarudi kwenye utaratibu wa zamani."

Kwa hiyo kazi ya yule binti ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne. Nilikuwa nimeandika: "Darasa halina nidhamu. Watoto hawajui kanuni."

Nikakaribishwa dawati la nyuma, magoti yakagusa kidevu. Darasa la tano. Swali lilikuwa ubaoni: mistari kumi na sita ya miche ya kahawa, kila mstari miche ishirini na mitano, yote mingapi?

Msichana mmoja akasimama. Alianza kwa Kihangaza, akakwama, akacheka, akamalizia kwa Kiswahili. "Mistari nimeiunganisha miwili miwili. Ikawa minane ya hamsini. Nikaunganisha tena, ikawa minne ya mia. Mia nne."

"Nani kakufundisha?" mwalimu akauliza.

"Bibi. Kitaluni kwake anahesabu hivyo."

Bibi yake namfahamu. Anaotesha miche ya kahawa, nusu ya kijiji tumepanda miche yake, na ni mjumbe wa kamati. Zaidi ya hapo, alikuwa mwanafunzi wangu katika chumba kile kile. Siku moja nilitoa swali hilo hilo naye akalijibu kwa njia hiyo hiyo ya kuunganisha. Jibu lilikuwa sahihi. Nilimpa sifuri kwa sababu njia haikuwa ya ubaoni. Alipojaribu kujieleza, Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kihangaza, nami nikamvika kibao. Wale wa umri wangu wanakikumbuka: kipande cha ubao chenye kamba, kinavaliwa shingoni na mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani. Alikivaa mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Baada ya siku ile hakunyoosha mkono tena katika somo langu, na mimi niliona amekuwa na adabu.

Nikiwa bado kwenye mawazo hayo, mwalimu akasema, "Leo tuna bahati. Mzee, tuonyeshe na njia yako."

Nikaenda ubaoni kwa madaha. Ishirini na tano mara sita, mia moja na hamsini. "Mstari wa pili," nikasema kwa sauti yangu ya zamani, "ruka nafasi moja." Nikaandika ishirini na tano, nikajumlisha, mia nne. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu.

Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Kwa nini umeruka?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Na usiporuka?"

"Utakosa."

"Kwa nini?"

Nilifundisha kuruka nafasi moja maisha yangu yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilihakikisha hivyo mwenyewe. Nikafuta chaki vidoleni, nikatazama dirishani kama mtu anayesubiri basi la Kabanga.

Msichana wa miche akanihurumia. "Babu, ile moja ya kumi na sita si moja. Ni kumi. Umezidisha kwa kumi, ndiyo maana nafasi imebaki."

"Kumbe," nikasema. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimeelewa kitu ambacho nilikuwa nakifundisha miaka yote.

Mchana kamati ikakaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Bibi wa miche alikuwa karibu na mlango, udongo wa kitalu bado kwenye kucha. Nikaitoa ripoti, nikasema, "Hii niliiandika kabla sijaenda. Msiisikilize." Kisha nikaeleza niliyoyaona, na kwamba ningependa binti aachwe afundishe. Mzazi mmoja akauliza, "Na Kihangaza je, mzee? Si wewe ndiye uliyetuvika vibao?"

"Ni mimi. Nilikosea. Nilimvika mtoto aliyekuwa na jibu sahihi, na yumo humu ndani."

Bibi wa miche akatazama kucha zake.

"Mia nne," akasema. "Na leo ningesema mia nne."

"Ulikuwa sahihi."

"Basi nipe maksi yangu, mwalimu. Nimeisubiri mpaka nimepata wajukuu."

Mwalimu mkuu akacheka kwanza. Nikageuza ripoti yangu, nikaandika nyuma yake hesabu ile kwa njia ya bibi, mistari minane ya hamsini, minne ya mia, nikaweka vema kubwa kwa kalamu nyekundu ya mwalimu mkuu. Bibi akaichukua, akaisoma polepole kama anayetafuta kosa, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kamati ikakubaliana kwamba binti aendelee na kamba yake na Kihangaza.

Tulipotoka bibi akaniuliza, "Na kile kibao kiko wapi?"

"Kilibaki stoo. Mchwa walikimaliza."

"Afadhali wao," akasema, akaelekea kitaluni kwake.