Breki Yangu Ilikuwa Jiwe

Nakiri upumbavu wangu: niliingia mashindanoni na gari ambalo breki zake sikuwahi kuzijaribu. Kigari hicho kikuukuu cha milango minne nilikiunda upya mwenyewe uani, na siku zote kilisimama kwa jiwe chini ya tairi, basi mafuta ya breki nikayasahau kabisa.

Kwenye mteremko wa Heru Juu nilimpita mpinzani wangu, nikamcheka. Kisha nikakanyaga breki. Mguu ukazama hadi sakafuni. Mbele, akina mama walikuwa wakianika mihogo.

“Kimbieni!” niliwapigia kelele. Nikakata usukani, nikavamia migomba, nikafumba macho, nikimlilia Mungu anitunzie wanangu.

Jirani yangu, Mama Neema, mmoja wa wale waanika mihogo, akagonga kioo: “Baba Eliya, fumbua macho. Gari limesimama kitambo, kinachokimbia ni mdomo wako.”