Jani la Isale

Juzi binti yangu na wajukuu walikaa jikoni kwangu wakipanga safari ya Dar, kwenye bembea kubwa za umeme.

"Tubebe ndizi za Bibi tupunguze gharama," akasema mjukuu wangu. "Na Bibi mwenyewe asibaki!"

Nikacheka, kisha nikamkumbuka mama yangu.

Mama naye alitupangia hivyo hivyo nilipokuwa mtoto, hapa hapa Machame. Bembea zilikuja mjini na maonyesho, na nauli ingetoka kwenye debe la mwisho la kahawa. Mimi, kwa haraka yangu ya kijinga, nikachuma hata mbichi ili debe lijae. Mchana ule karani wa mizani wa chama cha ushirika alizamisha mkono, akatoa kahawa za kijani, akakataa debe zima.

Mama hakunipiga. Tulipofika nyumbani nikakata jani la isale mpakani mwa shamba, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu ukiomba radhi na jani hilo, hukataliwi.

"Yameisha, mwanangu," akasema.

Basi nikavaa gauni la kanisani, nikakaa mlangoni kumsubiri twende, mikono ikinuka kahawa mbichi. Nilidhani msamaha unarudisha na nauli.

Mama alinichungulia, akarudi ndani. Nikamsikia akifungua sanduku. Alikuwa anakunja na kurudisha humo kitenge chake kipya, alichokipiga pasi tangu asubuhi akivae safarini.

Mjinga mimi, nilidhani safari ilikuwa ya watoto tu. Mama amelala kule chini ya migomba, na hakuwahi kupanda bembea hata moja.