Nanyama na Kibodi Yake

Nanyama alipoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto akiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe huko kwao Kimilili. Kidonda kilipopona alirudi shule, akajifundisha upya kufunga vifungo vya sare na kukamua, na hakutaka kusaidiwa. Alipokuja Nairobi kusomea uchapaji, mwalimu aliutazama mkono ule mara moja tu, akamwambia kwamba gumba la kushoto halina kazi kubwa kwenye kibodi, maana nafasi kati ya maneno hupigwa kwa gumba la kulia. Baada ya miezi tisa hakuna mwenzake darasani aliyemkaribia kwa kasi.

Sasa ana miaka thelathini na minane, na tangu amalize chuo amekuwa akichapa hati za mawakili katika ofisi moja ya ghorofani, katikati ya jiji. Anachapa huku anazungumza na mteja, macho yake kwa mteja.

Mumewe, Wesonga, ni fundi wa televisheni. Miaka minne iliyopita alikodi chumba pale Kangemi, karibu na nyumbani kwao, akaweka televisheni tatu na mashine tatu za gemu. Vijana wakaanza kujaa. Jumapili baada ya kanisa Nanyama alikuwa akikaa pale kumshikia mumewe nafasi, na ndipo alipouona mchezo mmoja wa vita, watu watano dhidi ya watano, wakiwindana katika majengo yaliyoachwa. Wengine waliona bunduki na kelele. Yeye aliona watu wanaopanga, wanaovizia, wanaokumbuka kila mlango uko wapi. Akatamani kuucheza.

Alipopewa padi, kile kidude kinachoshikwa kwa mikono miwili, alielewa mara moja kwamba ana shida. Gumba la kushoto ndilo linalomtembeza mtu. Alijaribu kwa kidole cha shahada, akajaribu kwa kiganja. Mwanajeshi wake akatembea hadi ukutani na kubaki pale, uso kwenye matofali, mpaka akapigwa. Vijana walicheka, si kwa ubaya, na yeye akacheka pia. Lakini akaiweka padi chini, na kwa wiki kadhaa hakuigusa tena.

Siku moja ofisini walibadilisha vifaa, akaomba kibodi na mausi zilizokuwa zikitupwa. Wesonga alipoziona alitikisa kichwa.

"Mama Emmah, hiyo ni ya kompyuta. Hii mashine haitaijua."

"Si iko na tundu la waya? Hebu tujaribu."

Waliunganisha. Katika gemu ya mpira hakikutokea kitu, na Wesonga akataka kuchomoa. Nanyama akamwomba afungue ule mchezo wa vita. Maandishi madogo yakatokea kwenye skrini, kwamba kibodi na mausi zimetambuliwa. Baadaye walikuja kujua kuwa ni watengenezaji wa kila mchezo wanaoamua kuziruhusu au kuzikataa.

Herufi nne za upande wa kushoto zilimtembeza mwanajeshi mbele, nyuma na pembeni. Mausi ikageuza macho yake na kulenga. Vidole vya Nanyama vilizijua herufi zile kwa miaka kumi na sita, havikuhitaji kuambiwa ziko wapi. Mchana ule mwanajeshi wake alitoka ukutani, akapanda ngazi, akavuka daraja. Wesonga anasema alimwona Nanyama akiuma mdomo kama mtu anayezuia kilio, kwa hiyo akatoka nje akajifanya anarekebisha waya.

Kujua kutembea si kujua kucheza. Mwaka mzima alipigwa. Alichora ramani za majengo yale nyuma ya karatasi zilizoharibika ofisini, akaandika wapi adui hupenda kujificha na huchukua sekunde ngapi kufika. Polepole akaanza kushinda, na alipoanza kushinda maneno yakaanza. Vijana wakasema mausi inalenga upesi kuliko gumba lolote. Nanyama hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Mchezo wenyewe ulilijua jambo hilo. Kwenye mtandao ulimpeleka kucheza na watumiaji wenzake wa kibodi, na wenye padi ukawasaidia kidogo kulenga.

Ndipo likatangazwa shindano katika ukumbi mmoja wa mjini, wachezaji kumi na sita, mmoja dhidi ya mmoja. Fomu ilisema padi tu.

Ogutu, aliyekuwa akimuuzia Wesonga vipuri, alimletea Nanyama kidude kidogo kama kiberiti. "Unachomeka kibodi hapa," akasema, "halafu hii kitu inadanganya mashine. Inadhani uko na padi. Hata ile msaada ya kulenga utapewa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Nanyama akasema. "Na kibodi itakuwa mezani, Ogutu. Wataiona."

"Tutasema ni ya mkono wako. Nani atauliza mtu juu ya mkono wake?"

Neno hilo lilimchoma. Alimrudishia kidude chake kwa adabu. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alichapa barua ya ukurasa mmoja, kwa mpangilio ule ule wa barua za mawakili, akaipeleka kwa mikono yake hadi ukumbini. Mwandaaji wa shindano alikuwa mwanamke kijana aitwaye Carolyne. Aliisoma amesimama, kisha akavuta kiti.

Katika barua ile Nanyama alieleza mkono wake kwa sentensi moja. Zilizobaki zilihusu mausi. Alikiri faida yake, akaomba acheze wazi bila kifaa cha kuficha, kila mpinzani aambiwe mapema, na yeyote anayetaka kibodi aruhusiwe pia.

"Mbona umeandika mpaka yale yanakuumiza?" Carolyne akauliza.

"Usipoyaona kwangu utayasikia kwa wengine."

Carolyne hakuamua peke yake. Aliwaita wachezaji wote, akawasomea. Mmoja akalalamika kwamba sasa kila mtu ataleta yake. "Alete," Carolyne akasema. Kisha Muema, kijana mpole wa Dagoretti aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, akainua mkono. "Mimi ningependa kujua kama naweza kumpiga mtu wa mausi. Huyu mama acheze."

Siku ya shindano Nanyama alishinda raundi mbili. Watu walisogea nyuma ya kiti chake, si kutazama skrini, bali ule mkono wa vidole vinne uliokuwa ukikimbia juu ya herufi bila kuangaliwa. Nusu fainali akakutana na Muema.

Muema alikuwa amejiandaa. Kijiti cha padi ukikisukuma kidogo kwa gumba mtu wako ananyata, ukikisukuma sana anakimbia. Katika mchezo ule kibodi haikuwa na kidogo wala sana. Ukibonyeza, mtu anatembea na kishindo chake. Basi Muema alikaa kimya nyuma ya milango, akasikiliza nyayo za Nanyama, akamngoja kwa karibu, mahali ambapo kulenga kwa mbali hakusaidii. Walifika mizunguko miwili kwa miwili. Mzunguko wa mwisho Nanyama naye alijikunja kwenye kona, wakangojana. Zikiwa zimebaki sekunde chache ilimbidi atoke, kwa kuwa zamu ya kushambulia ilikuwa yake, na alipotoka Muema akampiga.

Nanyama alisimama, akampa mkono. Muema hakuondoka. Aliomba akae kwenye kibodi ile kidogo, na mbele ya watu wote mwanajeshi wa bingwa akagonga ukuta, akarudi nyuma, akagonga tena.

"Mama, hii kitu mimi nilidhani ni rahisi," akasema.

"Utazoea. Mimi ilinichukua mwaka."

Mwaka uliofuata fomu ilikuwa na mstari mpya: mchezaji ambaye mikono yake haiwezi padi atatumia anachoweza, mradi akitangaze. Carolyne alimpigia Nanyama simu auangalie mstari huo kabla haujachapwa, naye akarekebisha koma moja.

Pale Kangemi, Wesonga ametenga televisheni moja ya kibodi. Wa kwanza kuja kutoka mbali alikuwa Nashon, mtunza bustani wa Karen, ambaye vidole vyake vya kulia vilikauka baada ya kuungua, na sasa vinaweza kubonyeza lakini si kushika. Nanyama alimgeuzia kila kitu, mausi kushoto na herufi za kutembea kulia, wakaanza upya pamoja, yeye akijifunza ule mpangilio wa kinyume ili aweze kumwelekeza. Imekuwa miezi saba. Jumapili iliyopita Nashon alimshinda kwa mara ya kwanza, mizunguko mitatu kwa miwili, na Nanyama akavuta kiti karibu zaidi na kumwambia waanze tena.